Klorofomu ya Mchanga

Mwezi uliopita nilivua koti la kazi, nikalifua mwenyewe, nikalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa chumba cha dawa. Lina matundu kumi na saba, yote ya tindikali. Nyinyi mnaobaki mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi hii, nami nimekubali, kwa sababu magoti ndiyo yaliyogoma kupanda ngazi, mkono haujagoma. Sitaandika nani alipanda cheo wala nani alilipwa nini. Hayo hayamfundishi mtu kuziba chupa.

Niliingia duka la Bwana Rustam, pale Mkunazini, miaka ya mwisho ya karne iliyopita, nikiwa mtu mzima mwenye mke. Kabla ya hapo nilikuwa nachoma chokaa Mwanakwerekwe, kazi ambayo jioni humrudisha mtu nyumbani mweupe kama mzimu. Bwana Rustam alikuwa Mparsi kutoka Bombay, mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeusi asiyoivua hata kwenye joto la mwezi wa pili. Mbele ya duka aliuza dawa. Uani alikuwa na mashine ya maji ya soda, na soda ndiyo iliyotulisha. Alikaa ghorofa ya juu na dada yake, Bi Shirin, aliyekuwa mjane na mpishi hodari, na ambaye aliamini kwamba kila harufu mbaya mjini ilianzia kwa kaka yake. Mara nyingi hakukosea.

Siku yangu ya kwanza aliniwekea chupa tatu mezani, zote zina kitu kinachofanana na maji, akaniambia nimwambie ni nini bila ya kuonja. Nikaiinamia ya kwanza nikavuta pumzi kwa nguvu. Ilikuwa amonia. Nilipoacha kukohoa alinifundisha kupunga mkono juu ya mdomo wa chupa, harufu ije kidogo kidogo kama mgeni anayebisha hodi. Akasema wote huanza na pua, na wanaoendelea ni wale waliobaki nayo. Mpaka leo nnapunga mkono hata juu ya sufuria ya mchuzi, na mke wangu ameshachoka kunisema.

Kazi ya kila siku ilikuwa ya kawaida. Tulisaga, tulipima, tulichuja. Watu walituletea maziwa tuwaambie yametiwa maji kiasi gani, na mafuta ya karafuu tuwaambie yamechanganywa na nini. Mara moja mfanyabiashara mmoja alituletea mafuta ya nazi akiapa kwamba yana sumu, kumbe alikuwa ameyaweka kwenye debe la mafuta ya taa. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: mizani moja nzuri ndani ya sanduku la kioo, mirija, chupa, kinu cha kaure, na seredani mbili za makaa. Bwana Rustam alinifundisha kukunja mrija wa kioo kwenye moto wa taa ya spiriti, na nilipata mkono mzuri kwa kazi hiyo. Kioo hakitaki haraka. Ukikivuta kabla hakijalainika kinavunjika, ukichelewa kinadondoka.

Nilikuwa nimefanya kazi kwake miaka zaidi ya kumi ndipo macho yake yalipoanza kufunga. Ulikuwa mtoto wa jicho, kote kuwili. Mwanzo alisoma lebo kwa kuzisogeza puani, halafu akawa ananipa mimi nizisome, halafu akaacha kujificha. Daktari alimwambia yupo mganga wa macho Bombay anayepasua na kurudisha nuru, ila si kila mara. Bi Shirin akaandika barua, na safari ikapangwa kwa mwezi wa tisa.

Hapo ndipo aliponiita chumba cha dawa akafunga mlango. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa kemia Bombay, mwalimu wake alimpa kazi ya kutengeneza kitu kimoja mbele ya darasa zima. Mrija wake ukapasuka, moshi ukajaa, wanafunzi wakatoka mbio, na mwalimu akamwambia aende akauze soda.

"Nikaja Unguja nikauza soda," alisema. "Lakini kitu kile nnakitaka, Feruzi. Nnataka nikione kabla sijalala kwenye meza ya mganga. Mikono iwe yako, kichwa kitakuwa changu."

Kitu chenyewe alikiita klorofomu ya mchanga. Klorofomu ya hospitali mnaijua. Ndani yake mna kaboni, ile iliyomo kwenye makaa. Hii ya pili ni ndugu yake, ila mahali pa kaboni pamekaa silikoni, ambayo ndiyo roho ya mchanga mweupe na ya kioo. Wamefanana jina tu. Ile ya kwanza humlaza mtu, hii humwamsha. Ikikutana na unyevu, hata ule uliomo hewani, hutoa moshi mweupe wenye ukali wa tindikali na kuacha unga. Ikikutana na moto huwaka. Na huchemka kwenye joto la siku ya kawaida ya kaskazi, kwa hiyo katika kipupwe unaweza kuwa nayo kwenye chupa kama maji, na katika mwezi wa kwanza hiyo hiyo ni gesi, inatafuta mlango.

Tulianza na mchanga. Nikajitolea kwenda Uroa, kwa sababu sijaona mchanga mweupe kuliko wa Uroa, nikarudi na magunia mawili juu ya punda, nimejaa fahari. Bwana Rustam alichota ujazo wa kijiko, akadondoshea tindikali, na mchanga ukatoka povu kama soda iliyofunguliwa. Alitega sikio akatabasamu. Mchanga wote wa pwani ile ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa. Mimi niliyechoma chokaa miaka mitatu nilikuwa nimesafiri kisiwa kizima kwenda kumletea chokaa. Mchanga wa kweli, ule usiotoa povu, niliupata baadaye kwenye kijito kilichokauka huko mashamba ya ndani, wa rangi ya kijivu, hauna uzuri wowote.

Kuitoa silikoni mchangani kunataka unga wa magnesiamu, ule ambao wapiga picha huuwasha kupata mwanga. Mgoa mmoja mpiga picha mtaani kwetu alitupa kopo zima, kwa sharti kwamba ukitokea mlipuko asitajwe. Tulichanganya unga ule na mchanga uliosagwa laini, tukautia kwenye chungu, tukauweka motoni. Ghafla chungu chote kiling'aa ndani kwa mwanga mweupe, kisha kikatulia. Kilichobaki tulikiosha kwa tindikali, na hapo Bwana Rustam hakuwa amenionya, nadhani kwa makusudi. Kila kipovu kilichopanda juu ya bakuli kilijiwasha chenyewe kikapasuka, pa, pa, pa, na kila kimoja kikaacha duara dogo la moshi hewani. Niliruka nyuma mpaka mlangoni. Yeye alikuwa anacheka, kwa sababu miale ile ilikuwa inamulika kiasi cha yeye kuiona.

Jirani yetu Bi Zuwena, ambaye dirisha lake lilitazama ua wetu, aliiona pia. Akauliza kwa sauti ya utulivu kama tunafuga kitu. Nikamwambia ni kazi ya dawa. Akasema basi yeye dawa yake ataendelea kununua kwa mtu mwingine, akaingiza nguo zake ndani.

Mwisho wa yote tulipata unga wa rangi ya kahawa, kiasi cha vikombe viwili vya kahawa. Hiyo ndiyo silikoni.

Sasa sikilizeni mpango wenyewe. Gesi ya chumvi, ile itokayo ukimimina tindikali ya salfa juu ya chumvi ya kawaida, inapitishwa ndani ya chupa ya tindikali kali ili ikauke, halafu inaingia kwenye mrija mrefu wa kioo kigumu uliojazwa silikoni na kuwekwa juu ya makaa. Inayotoka upande wa pili ndiyo klorofomu ya mchanga, pamoja na haidrojeni, ambayo nayo inawaka. Moto ukiwa mdogo hupati kitu. Ukiwa mkali mpaka mrija ukawa mwekundu, unapata kitu kingine kabisa, kizito zaidi, ambacho hatukukitaka. Kipimajoto cha moto wa namna hiyo hatukuwa nacho. Nikawaza, nikaweka kijisahani cha chuma kando ya mrija, na juu yake kipande cha risasi cha wavuvi na kipande cha zinki. Risasi ikiyeyuka na zinki ikabaki ngumu, tuko mahali petu. Bwana Rustam akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia hakuna. Hakunisifu, ila siku ile alinipa kiti chake nikae.

Jaribio la kwanza tulilifanya katika masika. Hatukuwa na subira. Gesi ilianza kupita vizuri, vipovu vikienda mfululizo kwenye chupa ya kukaushia, naye Bwana Rustam akasogea mpaka uso wake ukawa shubiri moja na mdomo wa mrija, akitaka kuona. Mimi nilikuwa natazama vipovu. Vikapungua. Vikasimama. Halafu nikaona tindikali inapanda kwenye mrija wa faneli tuliyomiminia, juu, juu zaidi, nikajua mbele kumeziba. Nilimkamata begani nikamvuta, tukaanguka wote wawili juu ya magunia ya mchanga wa Uroa, na wakati ule ule vizibo vikaruka. Tindikali ilinipata mgongo wa mkono wa kushoto. Niliutia kwenye pipa la maji nikauacha humo mpaka Bi Shirin alipokuja kuutoa mwenyewe. Ndipo magunia yale ya mchanga yalipopata manufaa.

Chumba kilikuwa kimejaa moshi mweupe. Bwana Rustam alikaa sakafuni, kofia imemtoka, mara ya kwanza nilipomwona bila yake.

"Yaleyale," alisema. "Miaka ishirini na tano, na ni yaleyale. Basi, Feruzi. Mkono wako una thamani kuliko hamu yangu."

Siku tatu hakuingia chumba cha dawa. Aliuza soda, na mimi nilimwona anavyozeeka juu ya kile kiti. Uchungu wa mkono ulikuwa unapoa, lakini ule wa kumwona vile haukupoa. Nilisafisha mrija na kukuta umezibwa mwisho wake na kitu cheupe kigumu, unga ule unaotokea klorofomu ya mchanga inapokutana na unyevu. Unyevu ulitoka wapi, na gesi tulikuwa tumeikausha? Nilipanda juu kumwuliza, nikamkuta Bi Shirin anagonga kijiko kwenye kibakuli cha chumvi. Nilipomweleza, alinigeuzia kibakuli nikione.

"Hii chumvi yangu inatoka maji tangu mvua zianze," alisema. "Na nyinyi mnataka kitu kikavu? Ngojeni kipupwe, kama watu wenye akili."

Ilikuwa hivyo. Vizibo vya gome la mti vilikuwa vimekunywa masika yote, na mrija wenyewe ulikuwa na ukungu ndani ambao jicho halikuuona. Nikavikausha vizibo juani, nikavichemsha kwenye nta, nikakausha kila chombo juu ya makaa, tukangoja. Bwana Rustam alisema hataki tena. Nikamwambia mimi nataka, na mkono ni wangu. Akafikiri, akasema hiyo ni hoja.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba kulikuwa na ubaridi mzuri na upepo mkavu. Tulikuwa tumenunua barafu kiwandani, tukaivunja na kuichanganya na chumvi, na ndani yake tukasimamisha mrija wa kupokelea. Safari hii nilimkalisha Bwana Rustam mlangoni, nikamwambia asipoahidi kubaki pale siwashi makaa. Akaahidi. Risasi ikalegea, ikawa duara linalong'aa. Zinki ikakaa palepale. Nikafungua gesi.

"Niambie unaona nini," alisema.

"Vipovu vinakwenda."

"Na mbele?"

"Bado."

Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akiuliza, mimi nikijibu bado. Kisha ukutani mwa mrija wa barafu nikaona kitu kama jasho, na jasho likakusanyika likateremka. Nikamwambia naona tone. Nilipogeuka alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili.

Mpaka saa sita mchana tulikuwa na kimo cha kidole gumba, safi kuliko maji ya chemchemi. Nikauziba mrija kwa kuiyeyusha shingo yake kwenye taa, chini ukiwa umo barafuni, na sijashika kioo kwa uangalifu kama siku ile. Alipoupokea mikononi, aliuzungusha karibu na jicho, akaupeleka juu kumwonyesha dada yake. Bi Shirin alisema unanuka. Haukuwa unanuka, ulikuwa umezibwa.

Hayo ndiyo magumu kwa mtazamo wa watu. Kwangu mimi gumu lilikuja baadaye. Mrija tuliuweka kwenye sanduku la barafu, na kila asubuhi nikaongeza barafu. Safari ilipobaki wiki moja, Bwana Rustam akaniambia atauchukua Bombay. Mwalimu wake alikuwa bado hai, mzee sana, naye Bwana Rustam alitaka kuingia nyumbani kwake na kumwekea mrija mezani. Aliongea kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu macho yaanze kufunga.

Nami nilijua mrija ule hautafika. Ndani ya meli kuna joto la kuivisha mikate. Kitu kile kingechemka ndani ya kioo kilichozibwa, na kioo kingepasuka kwenye chumba chenye watu na taa. Nilijua, na yeye alijua, ila furaha ilikuwa imemfunga macho mara ya pili. Nikatafuta njia ya mkato. Nilichukua mrija mwingine, nikautia maji kimo kile kile cha kidole gumba, nikauziba shingo vile vile. Ukiiweka sambamba hujui ipi ni ipi. Nilikusudia kumfungia ule wa maji kwenye sanduku lake, aende nao kwa amani, na mwalimu mzee naye labda macho yake si mazuri.

Nilikaa nao mfukoni siku mbili. Siku ya tatu alikuwa ananiambia, kwa mara ya kumi, jinsi atakavyoingia kwa mwalimu, nikautoa nikauweka mezani mbele yake.

"Bwana, huu ni wa maji," nilisema. "Nlitaka kukupa huu usijue. Ule wa kweli siwezi kuuacha upande meli."

Aliupapasa, akauinua, akaupima kiganjani. Nilingoja anifukuze.

"Ningejua," alisema. "Kitu kile ni kizito kuliko maji kwa theluthi nzima. Ningejua nikiwa bado bandarini." Akaurudisha mezani. "Na ningehuzunika sana, Feruzi. Si kwa sababu ya mrija."

Kisha akacheka, akaniuliza kama nilifikiri amesahau uzito wa vitu pia. Nikamwambia nilisahau mimi. Tukapanda juu ya sakafu ya paa sote watatu, sisi na Bi Shirin, na sanduku la barafu. Niliivunja shingo ya mrija upande upepo unakokwenda, nikamimina matone kwenye sahani ya udongo, nikayagusa kwa ufito mrefu wenye moto. Uliwaka ulimi mweupe wenye ukingo wa kijani, na moshi mzito mweupe ukapanda juu ya mapaa ya mji. Bwana Rustam alisimama wima. Alisema anauona ule ukijani, akaelekeza kidole mahali hasa ulipokuwa. Tuliwasha tone baada ya tone mpaka yakaisha, na Bi Zuwena akatoka tena dirishani, akatutazama, akauliza safari hii ni nini.

"Ni sherehe," alijibu Bi Shirin, na lile ndilo neno zuri pekee nililowahi kumsikia akilisema juu ya kazi yetu.

Meli ilipoondoka walikwenda wote wawili, yeye na kaka yake, na duka Bwana Rustam akaniachia mimi. Baada ya miezi mitatu nilipata barua kwa mwandiko wake mwenyewe, mistari imepinda kama njia za Mkunazini. Jicho la kulia lilikuwa limerudi. La kushoto mganga alisema asilitegemee. Kwa mwalimu alikwenda mikono mitupu, akamsimulia kila kitu toka mchanga wa Uroa hadi moto wa kijani, na mzee yule alimpa chai, akamtaka aisimulie tena tangu mwanzo.

Mengi yalifuata baadaye, na mengine mliyaona wenyewe. Lakini nnayoikumbuka kuliko zote ni asubuhi ya pili baada ya meli kuondoka. Nilikuwa peke yangu, nimevaa koti, nafuta mizani. Akaingia mtu wa Kiembe Samaki, mkulima, hajawahi kufika dukani kwetu, akasimama mlangoni akitazama chupa ukutani. Nikamsalimu, akaitikia.

"Mkemia yupo?" akauliza.

Nikageuka kutazama kile kiti kirefu nyuma ya meza. Kilikuwa kitupu.

"Naam," nikasema. "Karibu ndani."

Alikuwa na kikohozi cha wiki mbili. Nikanawa mikono, nikamwuliza kama ni kikavu au kina makohozi.